Difyusheni na osmosisi kwa papai, mhogo na chumvi: mwongozo wa majaribio kwa shule za Mtwara na Lindi

Jaribio la osmosisi (maji kuvuka utando, ile ngozi nyembamba ya seli, kwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi) lisilo na kipande kilichochemshwa pembeni yake halijaonyesha kazi ya utando wa seli. Limeonyesha tu kwamba sukari ikikaa ndani ya tunda lenye majimaji hulowa. Mwanafunzi huona shimo la papai limejaa maji, akaandika "osmosisi" kwa kuwa ndilo neno aliloambiwa. Muulize amejuaje kwamba seli hai zimehusika, hana la kujibu. Kuchemsha huua seli na kuharibu utando, lakini nyama ya tunda inabaki palepale. Kama maji yanapanda kwenye papai bichi na hayapandi kwenye lililochemshwa, basi tofauti imetokana na utando. Jaribio la papai lililomo humu limepangwa kwa kufuata hoja hiyo, na vifaa vya majaribio karibu yote vinapatikana sokoni na dukani kwa bei ya kawaida.

Maji na chumvi kwanza

Majaribio mengi ya pwani huharibika kabla hata kisu hakijashikwa, kwa sababu ya maji. Visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi vina magadi au chumvi. Ukiyaita maji hayo "maji safi" kwenye jedwali lako, umeanza na mmumunyo wa chumvi usioujua ukolezi wake, na kipande ulichotarajia kijae maji kitajaa kidogo au hakitabadilika kabisa. Tumia maji ya mvua. Watu wa uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, wamezoea kuyahifadhi kwenye matangi, na shule yenye bati na pipa inaweza kufanya vivyo hivyo. Usikinge mvua ya kwanza, maana inaosha vumbi la bati. Kama ni kiangazi na pipa limekauka, nunua maji ya betri yaliyofungwa kiwandani. Soma lebo kwa makini uhakikishe ni maji, si asidi ya betri, na usikubali chupa iliyokwisha kufunguliwa.

Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya pwani yetu inafaa, ila ina unyevu, na gramu utakazopima zinaweza kuwa na maji mengi ndani yake. Itandaze kwenye sufuria kavu, iweke juu ya moto mdogo na uigeuze kwa dakika 15 hivi hadi iache kushikamana na kijiko. Ikipoa, itwange, uiweke kwenye chupa yenye kifuniko siku hiyohiyo. Hewa ya pwani hairuhusu chumvi ikae kavu kwenye bakuli wazi.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu 1 inatosha kupima chumvi, haitoshi kupima kipande kimoja cha mhogo. Kama unaweza kuazima mizani inayosoma gramu 0.1 au 0.01, kama ile ya masonara, afadhali sana. Usipoipata kuna njia nyingine, nitaieleza mahali pake. Vitu vingine ni bomba la sindano la mililita 20 (lisiwe na sindano yake), makopo sita ya plastiki yanayolingana, kisu kikali, rula ya milimita, kijiko cha chai na kitambaa cha pamba.

Difyusheni peke yake, bila utando

Molekuli za kimiminika hazitulii. Kila moja inagongwa na nyingine na kwenda popote, bila mwelekeo wowote uliokusudiwa. Ukiwa na rangi nyingi upande mmoja na kidogo upande mwingine, zinazoondoka kwenye wingi ni nyingi kuliko zinazorudi, basi. Ndiyo difyusheni. Hakuna molekuli "inayotaka" kwenda kwenye uchache, na molekuli hazisimami ukolezi unapolingana. Zinaendelea kupita huku na huku kwa kiasi sawa.

Jaribio linalojulikana ni kudondosha punje ya pamanganeti ya potasiamu, kemikali ya rangi ya zambarau, kwenye bika la maji. Lina kasoro: rangi inayoonekana ikitembea kwa kasi kwenye bika refu inabebwa zaidi na mikondo ya maji, ya joto au ya kutikiswa kwa meza, kuliko na difyusheni. Ukilazimika kulifanya, tumia sahani nyeupe yenye maji ya kina cha nusu sentimita, acha maji yatulie dakika 10, kisha dondosha punje kupitia mrija wa soda uliosimamishwa hadi chini. Toa mrija taratibu.

Lililo bora zaidi ni jaribio la kwenye jeli, kwa sababu jeli huzuia mikondo na kuacha difyusheni ifanye kazi peke yake. Pwani ya kusini ina mwani. Chukua konzi moja ya mwani mkavu, wa aina ya cottonii ikiwezekana kwa kuwa huganda vizuri kuliko wa aina ya spinosum. Uoshe kwa maji baridi mara nne au tano mpaka uache kuwa na chumvi, uloweke usiku kucha, kisha uchemshe kwa moto mdogo kwenye nusu lita ya maji hadi uji uwe mzito. Chuja kwa kitambaa ungali wa moto, mimina kwenye glasi kina cha sentimita 3, acha ugande. Juu yake weka mililita 5 za rangi ya chakula iliyokolea. Pima umbali rangi iliposhuka baada ya saa 1, baada ya saa 4, na baada ya saa 16.

Wengi hutarajia kwamba saa nne zitapeleka rangi mbali mara nne. Haitafika. Itafika karibu mara mbili, na kwa saa 16 karibu mara nne. Umbali ukizidishwa mara mbili, muda unazidishwa mara nne. Hesabu hii imetokana na kanuni alizoandika Adolf Fick mwaka 1855. Kwa molekuli ndogo ndani ya maji, kuvuka sehemu moja ya mia ya milimita, ambao ni upana wa seli nyingi, huchukua kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kuvuka milimita 1 ni dakika 8 hivi. Kuvuka sentimita 1 ni kama saa 14. Mwanafunzi aliyeipima jeli kwa rula yake mwenyewe ataelewa kwa nini seli ni ndogo na kwa nini mwili mkubwa unahitaji damu inayosukumwa. Asiyepima ataikariri sentensi hiyo tu.

Vikombe vya papai

Kwa vikombe tumia papai bichi, gumu, lenye ganda la kijani lote. Viazi mviringo vinafaa pia, lakini huku vinasafirishwa kutoka nyanda za juu na vikifika vimekwisha kunywea. Mhogo haufai kwa vikombe, japo wengi huutumia: uzi mgumu wa katikati na nyuzi nyingine zinakwenda kwa urefu wa mzizi, na maji yanaweza kupanda kupitia humo hadi kwenye shimo bila kupita kwenye utando wowote. Utaona maji, utafurahi, na hitimisho lako litakuwa si kweli.

1. Kata mapapai mawili madogo katikati kwa upana, upate vikombe vinne. Kwangua mbegu zote na ngozi laini ya ndani. Vaa glavu au nawa mikono mara moja, maana utomvu wa papai bichi huwasha ngozi. Osha vikombe mpaka maji yasiwe meupe.

2. Menya ganda la nje kuanzia chini kwenda juu, sentimita 3 au 4. Hatua hii husahauliwa sana. Ganda lina nta, na maji hayapiti kwenye nta. Kikombe kisichomenywa hukaa saa sita bila mabadiliko na darasa likaambiwa papai "lilikuwa bovu".

3. Chemsha vikombe viwili kwa dakika 10. Visiive vikalegea hadi kupasuka. Viache vipoe kabisa.

4. Pima uvujaji. Jaza kila kikombe maji ya mvua, kiweke juu ya karatasi kavu kwa dakika 10. Karatasi ikilowa kwa kikombe kibichi, kuna ufa, tafuta kingine. Kilichochemshwa kitatoa jasho kidogo, hilo linaruhusiwa.

5. Mwaga maji, kausha ndani kwa kitambaa. Weka vijiko viwili vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye kikombe kibichi A na kilichochemshwa C. Kikombe kibichi B na kilichochemshwa D viache vitupu.

6. Simamisha kila kimoja kwenye sahani yake yenye maji ya mvua, kina cha sentimita 2. Maji yasizidi sehemu uliyomenya na yasiingie kwa juu.

Angalia kila nusu saa. Ndani ya saa moja A huwa na sharubati chini ya shimo, na baada ya saa tatu hadi nne kina chake kinapimika kwa rula. B inabaki bila maji, au unyevu tu. C ndiyo inayochanganya watu: sukari yake nayo hulowa mapema, kwa sababu nyama iliyochemshwa imejaa maji ya kutosha kuyeyusha sukari inayoigusa. Kwa hiyo usiandike "imelowa" wala "haijalowa". Pima kina kwa milimita, na uendelee kupima. Kina cha A kinapanda. Cha C hakiendelei kupanda, kwa kuwa sukari nayo inapita na kutoka kwenda nje.

Kuthibitisha kwamba sukari ya C imetoka, chukua kijiko cha maji ya sahani ya C na kingine cha sahani ya A. Kausha kila kimoja juu ya moto kwenye kijiko cha chuma ulichoshika kwa koleo. Cha C huacha tabaka la kahawia linalonata na lenye harufu ya sukari iliyoungua. Cha A huacha alama kidogo sana, au hakiachi kitu. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho mambo mawili ambayo utando hai hufanya kwa pamoja: unapitisha maji na unazuia sukari. Kwa C vyote viwili vinapita, hivyo kilichobaki ni difyusheni ya kawaida. Usiruhusu mtu aonje chochote.

Vijiti vya mhogo na hesabu yake

Papai linajibu swali la ndiyo au hapana. Kwa mhogo utapata namba, na namba ndiyo inayotakiwa kwenye mtihani wa vitendo.

Chimba mhogo asubuhi ya jaribio. Uliokaa siku mbili tatu huanza kuwa na mistari ya bluu au kahawia, nyama inakauka, na matokeo yanaruka bila mpangilio. Menya maganda yote mawili, la nje na lile jeupe nene la ndani. Epuka katikati penye uzi. Kata vijiti 30 vya urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 1 kila upande. Kijiti kimoja huwa na gramu 5 hadi 6. Vyote vitoke kwenye mhogo mmoja, au kama haitoshi, gawa kila mhogo sawasawa katika makopo yote. Vifunike kwa kitambaa chenye unyevu wakati unaendelea kukata, la sivyo cha kwanza kitakuwa kimepoteza maji kabla cha mwisho hakijakatwa.

Tengeneza mmumunyo mama: gramu 24 za chumvi kavu, ongeza maji ya mvua hadi ifike mililita 600. Hiyo ni gramu 40 kwa lita. Kama mizani haipo kabisa, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa vya chumvi laini hukaribia gramu hizo, ila andika kwenye ripoti kwamba ni makadirio. Kisha jaza makopo sita, kila moja mililita 200:

Kopo la kwanza ni maji ya mvua matupu, gramu 0. La pili ni mililita 25 za mmumunyo mama na 175 za maji, yaani gramu 5 kwa lita. La tatu ni 50 na 150, gramu 10. La nne 100 na 100, gramu 20. La tano 150 na 50, gramu 30. La sita ni mmumunyo mama mtupu, gramu 40. Bahari ina gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo makopo mawili ya mwisho yanaizunguka.

Futa vijiti, pima uzito, andika, tumbukiza vijiti vitano kwa kila kopo kwa kupishana dakika mbili, ili na kuvitoa upishane dakika mbili vilevile. Viache saa 2. Dakika 30 ni chache mno kwa kijiti kinene kiasi hicho. Kuviacha hadi kesho ni kosa kubwa zaidi: kwa joto la nyuzi 28 au 30 maji yanaanza kuchacha, povu linatokea, na seli zilizo kwenye chumvi kali zinakufa. Zikifa, utando umekwisha, na umerudi kwenye kile kikombe C bila kujua.

Kufuta ndiko kunakoharibu namba nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kijiti kilichotolewa majini kina filamu ya maji juu yake, na mtu mmoja akifuta kwa kugusa tu huku mwingine akikamua, tofauti ya mikono yao inazidi tofauti ya osmosisi. Mtu mmoja afute vyote. Kila upande wa kijiti ulazwe juu ya kitambaa kikavu mara moja, bila kubonyeza, kisha kipande kiende kwenye mizani papo hapo.

Usipokuwa na mizani nyeti, pima vijiti kumi kwa mkupuo kwenye mizani ya jikoni. Vijiti kumi vina gramu 55 hivi, na badiliko la asilimia 10 ni zaidi ya gramu 5, ambalo mizani inaliona. Itabidi ukate vijiti 60 badala ya 30, na uongeze mmumunyo hadi mililita 400 kwa kopo ili vyote vizame.

Kabla ya kupima uzito, shika kijiti cha kopo la kwanza na cha kopo la sita, ujaribu kuvikunja. Cha maji ya mvua kimekakamaa na huvunjika kwa sauti. Cha chumvi hupinda. Seli ya mmea ina ukuta nje ya utando. Maji yakiingia, utando unasukuma ukuta na seli inakaza, maji yakitoka inalegea. Ndiyo sababu mchicha ulionyauka sokoni hurudi ukinyunyiziwa maji, na kachumbari iliyotiwa chumvi mapema hujaa maji na kulegea.

Hesabu badiliko kwa asilimia, si kwa gramu, kwa kuwa vijiti havilingani: uzito mpya toa wa mwanzo, gawa kwa wa mwanzo, zidisha kwa 100. Kijiti kilichotoka gramu 5.6 kwenda 6.1 kimeongezeka asilimia 8.9. Kilichotoka 5.4 kwenda 4.9 kimepungua asilimia 9.3. Chukua wastani wa vijiti vitano vya kila kopo. Kimoja kikienda kinyume na wenzake wanne, usikifute kwenye daftari. Kiangalie kama kina uzi wa katikati, na uandike ulichokiona.

Chora grafu, ukolezi wa chumvi kwa mlalo, asilimia kwa wima. Mstari utakata sifuri mahali fulani, na hapo maji yanayoingia na yanayotoka ni sawa. Tuseme kopo la gramu 5 limetoa ongezeko la asilimia 4 na la gramu 10 limetoa upungufu wa asilimia 2. Mstari unakata sifuri kwenye gramu 8.3 kwa lita. Gawa kwa 58.5, ambao ni uzito wa moli ya chumvi, upate 0.142. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe mbili, sodiamu na kloridi, basi zidisha kwa 2: ni 0.284. Zidisha kwa 0.0831, ambayo ni namba isiyobadilika ya gesi, na kwa joto la kelvini (nyuzi 28 ni 301) upate kanieneo ya osmosisi, yaani msukumo unaotosha kuzuia maji yasiingie, ya baa 7 hivi. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na kitu. Kanuni hii ni ya Jacobus van 't Hoff, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901.

Ndiyo maana pia huwezi kubadilisha chumvi kwa sukari gramu kwa gramu. Osmosisi huhesabu chembe, haihesabu uzito. Gramu moja ya chumvi hutoa chembe karibu mara 12 ya gramu moja ya sukari. Mmumunyo wa sukari unaolingana na gramu 9 za chumvi kwa lita unahitaji zaidi ya gramu 100.

Kuona kwenye hadubini

Kama shule ina hadubini, kitunguu maji chekundu kinatosha. Bandua ngozi nyembamba ya zambarau kutoka upande wa nje wa gamba, ile ya upande wa ndani haina rangi. Ilaze kwenye slaidi bila mikunjo, tone la maji ya mvua, kifuniko. Kwa ukuzaji wa mara 100 rangi imejaa seli nzima. Dondosha mmumunyo wa gramu 40 pembeni mwa kifuniko na uvute maji upande wa pili kwa kipande cha tishu. Ndani ya dakika chache rangi inajikusanya katikati ya seli na kuachana na ukuta. Sasa rudisha maji ya mvua kwa njia ileile. Seli hai hujaa tena. Zisizorudi zimekufa, ama kwa chumvi kali ama kwa kubanduliwa vibaya, na hizo zihesabiwe kando.

Utando unachagua vipi

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zenye unene wa nanomita 7 au 8, na protini zimejichomeka humo. Oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya kwenye mafuta yenyewe. Maji hupenya kidogo kwenye mafuta na kwa wingi kupitia protini zenye mfereji ziitwazo akwaporini. Aliyezigundua, Peter Agre, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Chembe za chumvi, kwa kuwa zina chaji, hazipiti kwenye mafuta. Sukari ni kubwa na inapenda maji, nayo haipiti bila protini ya kuibeba.

Kwa hiyo usiseme chumvi "inavuta" maji. Maji yanapita pande zote mbili wakati wote. Upande wenye chumvi, sehemu ya nafasi imechukuliwa na chembe zisizoweza kuvuka, hivyo maji yanayotoka huko ni machache kuliko yanayoingia.

Kazi ya protini inayobeba sukari inaonekana kwa mtoto anayeharisha. Kwenye utumbo, protini moja huingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji yanafuata kwa osmosisi. Ndiyo siri ya maji ya chumvi na sukari: paketi ya ORS ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwenye lita moja ya maji safi ya kunywa. Chumvi ikizidishwa mmumunyo unakuwa mkali kuliko damu, na maji yanatoka mwilini kwenda kwenye utumbo. Hatari inaongezeka, kinyume cha ulichokusudia.

Ukiwa na nafasi ya kupeleka darasa kwenye mikoko, Mikindani au kwenye Ghuba ya Mnazi, tafuta mchu. Geuza jani uone punje za chumvi upande wa chini. Maji ya bahari yana kanieneo ya osmosisi ya baa 27 hivi, ambayo ingekausha mhogo wako wote. Mizizi ya mchu huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie, majani huvuta maji kwa nguvu inayozidi hizo baa 27, na chumvi kidogo inayopenya hutolewa kwa tezi za majani, kazi ambayo seli huilipia kwa nishati. Hiyo si osmosisi wala difyusheni. Ni usafirishaji hai, na wanafunzi waitofautishe.

Mhogo mchungu na utando uliovunjika

Kama mhogo uliotumia ulikuwa mchungu, jaribio halikuharibika. Ila vijiti na maji yake vimwagwe kwenye shimo, visipewe mbuzi wala kuku.

Mhogo una kemikali iitwayo linamarini, iliyofungiwa kwenye vakuoli, mfuko wa majimaji ulio ndani ya seli. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachoivunja kimekaa nje, kwenye ukuta wa seli. Utando ukiwa mzima havikutani. Kwa hiyo kuloweka vipande vikubwa kwa saa chache hakusaidii sana: utando hai hauachii linamarini itoke. Mhogo ukitwangwa, ukikunwa au kulowekwa siku kadhaa hadi ulainike, utando unapasuka, kimeng'enya kinaikuta linamarini, na sumu ya sianidi inayotokea huondoka kama gesi. Makopa yaliyokaushwa juani vikiwa vipande vikubwa hubaki na sehemu ya sumu, kwa kuwa seli nyingi zilikauka kabla hazijavunjika. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa watu wanaoishi kwa mhogo mchungu usioandaliwa vizuri hasa wakati wa njaa, umewahi kuripotiwa Mtwara.

Unga wa makopa unaweza kupunguzwa sumu hata baada ya kusagwa, kwa kuwa kusaga kumevunja seli na kilichokosekana ni maji tu ya kukutanisha kimeng'enya na linamarini. Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, tia alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga; kwanza kimo cha unga hushuka, kisha hupanda. Kikifika tena kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza unga huo mbichi kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini mahali penye hewa. Usiufunike, na usiutandaze ndani ya chumba kilichofungwa, maana gesi inatakiwa iondoke. Baada ya hapo songa ugali siku hiyohiyo. Unga uliolowa haukai.